Safu Moja ya Kilima

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, umeme ukiwa umerudi dakika kumi tu kabla, mwanamume mmoja aliingia katika ofisi yetu ya Gitega akiwa ameshika viatu mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Alijifuta miguu kwa kitambaa, akavaa viatu pale mlangoni, ndipo akaja mezani kwangu.

Alitoka Giteranyi. Alikuwa amelala njiani, Muyinga, kwa mtu aliyeishi naye kambini Tanzania. Alikuwa anamtafuta dada yake.

"Tuliachana wakati wa kukimbia," alisema. "Mimi kambi moja, yeye kambi nyingine. Huko akaolewa na mtu wa Gitega. Mume amekufa. Naambiwa amerudi na watoto wawili, na shemeji zake wanataka kumtoa shambani."

"Nani aliyekuambia?"

"Watu waliorudi naye kwenye lori moja. Ila wao walishushwa kabla yake. Kilima hawakijui."

Kwetu kilima ndicho kijiji. Akaongeza, bila kupandisha sauti, kwamba bashingantahe, yaani wazee waamuzi wa kilima, wangekaa kusikiliza shauri hilo baada ya mavuno ya maharage. Mjane mwenye ndugu wa kiume aliyesimama nyuma yake husikilizwa kwa namna moja. Mjane asiye na mtu husikilizwa kwa namna nyingine. Hilo hakuhitaji kunifafanulia. Alitaka kufika kabla ya siku hiyo.

"Sina maneno mengi ya kusema pale," alisema. "Nisimame tu, wanione."

Nilimwambia kwamba ofisi yetu ipo kwa kazi hiyohiyo, na nilikuwa naamini.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya amani. Watu walirudi kwa malori, na ofisi yetu iliwaandikisha ili ndugu waliopotezana wapate kukutana. Tulikuwa na kompyuta moja, na mimi ndiye niliyeitunza. Nami nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania, nikiwa na umri wa miaka arobaini na moja, cheti cha darasa la saba, na miaka tisa ya kutunza ghala la chakula kambini. Mambo ya kompyuta nilijifunza peke yangu, katika chumba cha kupanga mtaa wa Nyamugari, hapo mjini, kwa kitabu cha Kifaransa kisichokuwa na jalada. Kitabu chenyewe kilikuwa cha kuazima. Nilikinakilisha kidogo kidogo, kurasa kumi kila nilipopata mshahara, kwa mama mmoja Mkongomani wa Kivu ya Kusini aliyekuwa na mashine ya fotokopi karibu na soko.

"Papa, we unasoma hii kitabu kama vile Biblia," aliniambia siku moja. "Iko inasema nini?"

"Inafundisha namna ya kuuliza maswali."

"Aa bon. Mi nilifikiri kuuliza kila mtu anajua."

Akaendelea kufunua kurasa na kuzibonyeza juu ya kioo, na mimi nikaona hakuna haja ya kumweleza.

Kitabu kilifundisha lugha mbili. Ya kwanza ni ya kuunda. Kwa lugha hiyo unaiambia mashine kwamba kutakuwa na jedwali la watu. Kwamba kila mtu atakuwa na jina, jina la baba, jina la mama, mwaka wa kuzaliwa na kilima. Kwamba jina ni herufi, mwaka ni tarakimu, na kwamba safu hii au ile haiwezi kuachwa tupu. Usichokitaja katika lugha hiyo hakitakuwepo. Hutaweza kukiandika wala kukiuliza baadaye, hata kama watu wote waliosimama mbele yako wanacho.

Lugha ya pili ni ya kuuliza, na hiyo ndiyo iliyonisumbua. Kwa kawaida yake inataka ndiyo au hapana. Ukimtafuta aliyezaliwa mwaka fulani, aliyezaliwa mwaka unaofuata hakuhusu. Kwa watu wetu jambo hilo lilikuwa halifai. Mtu alisema amezaliwa mwaka wa njaa, au kwamba alikuwa tayari anachunga mbuzi babu yake alipofariki. Tena kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa watano na majina matano yasiyofanana. Hakuna jina la ukoo la kuwakusanya, na jina la mtu mwenyewe wengi walikuwa wamelibadilisha kambini. Unabaki na majina ya wazazi, umri wa kukisia, na kilima.

Sura ya mwisho ya kitabu ilihusu maulizo ya takriban. Nilikaa nayo miezi miwili. Humo jibu si ndiyo wala hapana, bali ni kiwango kati ya sifuri na moja. Ukimtafuta mwanamke wa kama miaka thelathini na nne, wa miaka hiyo hasa anapata moja kamili, wa thelathini na tano anapata sehemu tisa za kumi, na ukienda mbali zaidi kiwango kinapungua hadi sifuri. Majina nayo yalipimwa kwa herufi zinazofanana. Kwa vilima nilipanga mwenyewe: kilima kilekile, moja; kilima jirani, sehemu nane za kumi; komini ileile, yaani wilaya, sita; mkoa uleule, tatu; mkoa mwingine, sifuri. Mashine ikishapata viwango vyote vya mtu mmoja, inachukua kilicho kidogo kuliko vyote, na hicho ndicho kiwango chake. Kitabu kilitoa sababu niliyoiona ya haki: anayelingana kwa mambo matatu na kupishana kabisa kwa la nne si yule unayemtafuta. Mwisho nikaweka mpaka wa sehemu sita. Aliye chini yake asionyeshwe, ili tusiwape watu matumaini ya bure.

Mkuu wa ofisi alipoona inafanya kazi aliwaita wageni wawili waje waitazame. Nilijivunia. Niliona nimeifundisha mashine kusema "labda".

Basi yule wa Giteranyi alinitajia jina la baba, jina la mama, umri wa dada yake, na kilima chao, kule kwao. Nikaandika. Nikauliza. Mashine haikutoa mtu.

"Hayumo?"

"Bado hajaandikishwa."

"Lakini lori lilifika, kaka. Wamemwona."

"Kama amefika ataandikishwa. Rudi baada ya wiki mbili."

Alirudi baada ya wiki mbili, siku ileile, karibu saa ileile. Maharage, alisema, yameshatoa maua. Niliuliza tena, na mashine haikutoa mtu.

"Hii mashine yako imenizoea," alisema. "Safari ijayo itakataa kabla sijakaa."

Nilicheka kidogo, naye akacheka. Kisha akaniuliza kama haingekuwa bora azunguke vilima vya Gitega mwenyewe, akiuliza nyumba kwa nyumba. Alikuwa na jamaa wa kumlaza Nyamugari. Angeweza kukaa wiki nzima.

Nilimkatalia. Nilimwonyesha ramani iliyokuwa ukutani, nikamhesabia komini za mkoa, na vilima vya komini moja tu kama mfano. Nilimwambia atachosha miguu na atapoteza siku za kulima, wakati hapa kila mtu anayeandikishwa anapita chini ya mkono wangu. Alitazama ramani muda mrefu. Kisha akasema kwamba mimi ndiye ninayejua, akaondoka kuwahi gari la Muyinga.

Jioni hiyo nilipita kwa mama wa fotokopi kunakilisha fomu, nikamsimulia.

"We ulimukataza azunguke?" aliuliza.

"Vilima ni vingi mno."

"Mi nilipata kaka yangu ku marché, pale soko, papa. Niliuliza tu mutu wa samaki ya sambaza, na yeye akauliza mwingine. Siku tatu." Alihesabu fomu zangu, akanipa. "Lakini we uko na mashine."

Mara ya tatu alikuja maharage yakiwa yameanza kukauka shambani. Sikuwa na raha tena. Nilishusha mpaka kutoka sehemu sita hadi sehemu moja, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya, nikauliza. Safari hii walitokea wanawake kumi na mmoja. Nilimsomea mmoja mmoja. Alikuwa ameinama juu ya meza, mikono katikati ya magoti.

"Huyo hapana. Huyo baba yake namjua, ni fundi wa matofali. Huyo hapana. Huyo ni mkubwa, ana wajukuu."

Tulipofika mwisho alinyoosha mgongo. "Imenipa wanawake wote wa kwetu," alisema, "isipokuwa dada yangu."

Nilipaswa kusimama hapo. Sifuri haibadiliki hata ukishusha mpaka hadi chini kabisa, na kama alikuwemo katika jedwali na bado haonekani, basi kuna safu moja iliyompa sifuri. Ilikuwa ni kuzipitia safu nne tu nilizoziuliza. Sikufanya hivyo, kwa kuwa sikuwa na shaka na jedwali. Nilikuwa na shaka na watu, kwamba labda lori hilo halikuwapo, au alikuwa mwanamke mwingine. Anayejifunza peke yake ana hasara hii: hakuna wa kumcheka mapema.

Wiki iliyofuata nilitumwa Muyinga kuweka nakala ya kanzidata katika ofisi yetu ya huko, iliyokuwa upande wa juu wa soko, karibu na barabara iendayo mpakani. Siku ya kwanza niliweka mashine. Siku ya pili nilikaa kando ya karani, dada wa makamo mwenye mwandiko mzuri, nione anavyojaza fomu. Mstari ulikuwa mrefu. Karibu na saa nne alifika mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na nyuma yake mwanamume aliyevaa kofia ya sufi.

"Kilima chako?" karani aliuliza.

Akataja.

Nilikuwa nataka kuhakiki safu, si zaidi ya hapo. Nikamwuliza, "Na hapo ndipo ulipozaliwa?"

Alimtazama kwanza yule mwanamume. "Nilipozaliwa ni kwingine."

"Mbona hukutaja?"

Alijibu kwa sauti ya chini, kama anayemweleza mtoto jambo ambalo si vizuri kulieleza mbele za watu. "Baba, nikitaja kwa baba yangu, mnaandika. Mkishaandika, kesho watu watasema karatasi yenyewe inaonyesha kwetu ni kule, nirudi nikalime kule. Mimi nimerudi kwa bwana wangu, hata kama hayupo."

"Amesema vizuri," alisema yule mwanamume wa kofia, shemeji yake. "Kwao ni kwetu."

Karani alikuwa ameshaandika na anageuza fomu. Kwake hapakuwa na jipya. Walipotoka nilimwuliza kama wanawake wengi husema hivyo.

"Walioolewa, wote. Wajane ndiyo kabisa, maana ndio wanaosukumwa."

"Tangu lini?"

Aliinua macho. "Tangu siku ya kwanza. Hukujua? Wewe kweli ni Mtanzania."

Walikuwa na desturi ya kutuita hivyo sisi tuliokulia kambini. Nilikuwa nimeunda safu moja ya kilima na kuiamuru isiachwe tupu. Nilipoiunda nilimfikiria mtu kama mimi. Mwanamume ana kilima kimoja tangu kuzaliwa hadi kuzikwa, na akiulizwa anakitaja bila kumtazama mtu. Mwanamke aliyeolewa ana viwili. Kimoja anatafutwa nacho na ndugu zake, kingine ndicho cha kutaja ili asifukuzwe. Fomu yangu ilimlazimisha achague, na kwa hesabu yangu aliyechagua kilima cha mumewe katika mkoa mwingine alipata sifuri, na sifuri hiyo ikafuta mengine yote.

Wakati wa chakula cha mchana, karani alipotoka, nilifungua mashine na kuuliza upya kwa majina ya wazazi na umri, bila kilima. Mstari mmoja ulitokea. Jina la baba, moja. Jina la mama, moja. Umri ulipishana kwa mwaka mmoja. Kiwango, sehemu tisa za kumi. Mkoa, Gitega. Kilima ni kile unachokiona ukisimama Nyamugari na kutazama ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu. Aliandikishwa siku ya Ijumaa, siku nne kabla ya ndugu yake kuja mara ya kwanza. Katika safu ya mwandishi kulikuwa na herufi za kwanza za jina langu.

Nilijaribu kumkumbuka nikashindwa. Ijumaa ile niliandikisha watu wengi.

Asubuhi iliyofuata nilipanda baiskeli ya abiria hadi Giteranyi. Yule aliyeniendesha aliuliza njiani kama nimefiwa, kwa kuwa nilikuwa sisemi. Tulimkuta mtu wangu uani, akipiga maharage kwa fimbo juu ya mkeka. Maharage makavu yaliruka hadi miguuni pangu. Aliponiona aliweka fimbo chini.

"Umekuja mwenyewe," alisema. "Basi yupo."

"Yupo. Gitega. Saa moja na nusu kutoka mezani kwangu."

"Tangu lini?"

Ningeweza kusema sijui. Nilimwambia tarehe. Aliihesabu kimya kimya, nikaona midomo yake ikisogea.

"Kabla sijaja mara ya kwanza."

"Siku nne kabla."

Aliyatazama maharage yaliyokuwa bado katika maganda. Kisha akaingia ndani kunawa, akatoka amevaa shati jingine, akamwambia mkewe amalizie kupiga. Mkewe aliniuliza kama nitakunywa maji. Nilikunywa.

Tulifika kilima kile kesho yake mchana. Njiani hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliniuliza tu, tuliposhuka bondeni, kama mashine ilikuwa imeharibika. Nilimwambia hapana, ilifanya kama nilivyoiagiza. Akatikisa kichwa na kuendelea kutembea.

Dada yake alikuwa ameketi nje ya nyumba ndogo ya bati, akimsuka binti yake. Alisimama kitana kikiwa bado kimechomekwa katika nywele za mtoto. Walishikana mikononi juu ya viwiko, kama tunavyosalimiana kwetu, wakasalimiana amahoro, amahoro, mara nyingi, bila kuachiana. Ndipo akasema:

"Niliwaambia nina ndugu. Wakaniambia, yuko wapi."

Wazee walikuwa wamekaa siku kumi na moja kabla. Kwenye kilima hicho maharage hukauka mapema kuliko Giteranyi. Hawakumfukuza. Walisema ukoo una haki na shamba la mtu wao, na mjane asiachwe mikono mitupu. Abaki na nyumba, na shemeji zake wamlipe kitu kwa ajili ya shamba. Alipewa fedha, akaweka dole gumba kwenye karatasi. Alikuwa tayari akilima vibarua kwa jirani.

Ndugu yake alitaka kumwona mmoja wa wale wazee. Tulimkuta kwake. Alikuwa mtu mpole, akatukaribisha viti. Alisikiliza hadi mwisho, akamwuliza yule ndugu jina la baba yake na la babu yake.

"Ungekuwepo siku ile tungegawa vingine," alisema. "Watoto wana haki pale. Lakini hakuna aliyesema hivyo, na yeye alikubali. Karatasi imeshapigwa muhuri komini."

"Nilikuwa njiani," alisema ndugu yake. "Mara tatu nilikuwa Gitega."

"Gitega ipi?"

"Hapo mjini. Ofisini kwa huyu."

Mzee alinitazama, kwa mara ya kwanza nadhani.

Niliporudi ofisini niliunda jedwali upya, likiwa na safu ya kilima cha kuzaliwa na safu ya kilima cha ndoa, na nikaagiza ile ya kuzaliwa isichapwe kwenye karatasi yoyote anayopewa mtu. Kuongeza safu ni kazi ya dakika moja. Zilizaliwa tupu, na kuzijaza kulimaanisha kuwatafuta upya wanawake wote tuliokuwa tumewaandikisha. Ilichukua muda mrefu kuliko mkataba wangu. Sijui kama aliyenifuata aliimaliza.

Ila siku ile, kabla ya kuondoka kilimani, yule ndugu alitaka kuliona shamba. Dada yake alituonyesha kwa mbali, hakupenda kukanyaga. Sisi tulilizunguka. Yeye alihesabu hatua upande wa urefu, mimi upande wa upana. Udongo ulikuwa mzuri, na chini kulikuwa na migomba inayopata maji ya bonde. Jirani aliyekuwa akipalilia alituambia, tulipomwuliza, kwamba lake lilikuwa na ukubwa kama huo, na mwezi uliopita aliuza nusu yake kwa laki tatu na nusu.

"Wewe ni mtu wa hesabu," yule ndugu aliniambia tulipofika tena kwenye njia. "Nipigie hiyo."

Sikuhitaji karatasi. Shamba zima, kwa bei ya jirani, lilikuwa la laki saba. Dada yake alipewa laki moja na elfu ishirini. Alikuwa amepoteza laki tano na elfu themanini, faranga za Burundi.